Udongo Chini ya Kucha

Kucha za Tusekile zilikuwa na udongo tena. Mkono alikuwa ameuosha, ulinukia sabuni, lakini chini ya kucha mstari wa kijivu ulibaki. Nilimtazama usoni. Akainamisha macho, nami nikajiambia: huyu ananidanganya.

Ulikuwa mwaka 1953, pale Matema. Nilitoka Tukuyu kukaimu kazi ya dresa, mganga msaidizi, miezi miwili kwenye zahanati, nikikanda na kunyoosha viungo vilivyokakamaa, kwa kuwa mwenye kazi, Mzee Yotamu, alikuwa likizo. Kijana mwenye cheti kipya humwona kila mtu mlaghai. Siku ya kwanza tu nilikuta chini ya benchi debe la udongo, limefunikwa gunia bichi. Nikaumwaga nje huku nikinung'unikia uchafu wa wazee.

Tusekile alikuwa mfinyanzi wa Ikombe. Aliteleza kwenye mawe akipakia vyungu mtumbwini, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, vidole vikagoma kukunjika. Mumewe alikwenda migodini kusini na barua hazikuja. Vyungu ndivyo vilivyomlisha yeye na mama mkwe wake, Naomi. Nilimpa kitambaa awe anakifinya, nikamkataza kugusa udongo mpaka nimruhusu.

Naomi ndiye niliyemshuku zaidi. Kila Ijumaa walivuka ziwa pamoja kwa mtumbwi, naye akaketi mlangoni na kujibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Unamfanyisha kazi," nilimwambia siku ile.

"Udongo unamlainisha, dresa."

"Na wewe unasemaje?" nilimgeukia Tusekile.

"Ni kama mama alivyosema."

Aliyefundishwa maneno hujibu hivyohivyo. Kwamba vidole vilikunjika zaidi kila wiki niliona, nikakipongeza kitambaa changu. Nikamfunga hogo, plasta ngumu ya mfupa, mpaka ncha za vidole, asiweze hata kushika mwiko. Alilia bila sauti. Nilimhurumia, kisha nikaishuku hata huruma yangu. Wakati wa kuondoka alisema, "Ndaga fijo," shukrani kubwa ya kwao, na hiyo nayo nikaishuku.

Wiki tano baadaye Mzee Yotamu alirudi. Aliinama chini ya benchi kabla hatujasalimiana.

"Udongo wangu uko wapi?"

"Udongo gani?"

"Alioleta Naomi. Wa mkono wa Tusekile."

Akanieleza taratibu. Wanawake wa Ikombe hawana gurudumu. Chungu hukaa juu ya kigae, mkono mmoja ukikizungusha, mwingine ukivuta ukuta wake juu, vidole vikikunjika na kukunjuka mchana kutwa, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya Tusekile. "Siku wasipokuwa na vyungu vya kuuza, hufinyanga hapahapa," alisema. "Mimi huwa namtazama tu."

Ijumaa walipovuka tulilikata hogo. Vidole vilikuwa vimenyooka, vimepauka, vigumu kama vijiti vya kuni. Nilijaribu kukikunja kimoja, Tusekile akashika ukingo wa benchi kwa mkono wa kushoto. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaipatia mahali pa kuiweka. Vitatu vilikuja kurudi baada ya miezi mingi. Viwili havikurudi, na vyungu vyake tangu hapo vilikuwa vidogo.

Siku ile hatukuyajua hayo. Naomi hakunigombeza. Alifungua jani la mgomba, akatoa bonge bichi la udongo, akaliweka juu ya benchi mbele yangu.

"Huu usiumwage, dresa," alisema, akausogeza mkono wa mkwewe karibu.