Pamba Haitaki Unyevu

Mjukuu wangu tulimpa jina la Chiriku tangu anaota meno, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Siku aliyoletwa kwangu, akiwa bado mke mpya, alishuka kwenye gari amejifunika shuka mabegani akanisalimia kwa macho tu. Kila alipotaka kusema neno, kikohozi kilimtangulia. Nikajua hapa pana kazi.

Mumewe ni fundi magodoro. Si haya ya sponji yanayouzwa yamefungwa nailoni. Yeye anashona ya pamba, ambayo mtu huyalalia mpaka akazeeka nayo. Nisimsingizie, mikono yake ina ufundi. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili: cha mbele karakana, cha nyuma kitanda. Chiriku ndiye aliyekuwa akichambua pamba kutwa nzima, ameketi juu ya gunia, nyuzi nyepesi zinaelea mpaka kwenye kope zake na kwenye sufuria ya mchuzi. Wateja walimtania kwamba ameota mvi kabla ya bibi yake, naye akacheka nao. Zile za kichwani zilikuwa zinaonekana. Zilizokuwa zinaingia kifuani nani alizijua?

Daktari, mama mmoja asiyepamba maneno, aliwaeleza wote wawili. Dawa anywe, apumzike, na vumbi la pamba aliage moja kwa moja. Akirudi kukaa ndani yake, dawa zote zitakuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Fundi akaahidi mbele yangu. Mke abaki kwangu apate nguvu, na yeye wakati huo atakodi banda la nyuma ya soko, karakana yote ihamie huko, ili mke akirudi akute nyumba ni nyumba.

Nikamwambia, "Sawa, mume wetu. Mimi namtunza mke mwenzangu, wewe tunza ahadi."

Tulicheka. Mume wa mjukuu ni mume wa bibi, na utani hautozwi ushuru.

Basi akawa anakuja kila Jumapili, ameoga, amenyoa ndevu, na kwapani ana mto mdogo alioushona mwenyewe, una maua ya uzi pembeni. Wanaume wengine huleta matunda. Yeye alileta anachokijua. Chiriku aliupokea kama mtoto mchanga. Akilala, shavu juu ya mto, mkono chini ya mto. Jumapili nyingine mto mwingine, mpaka kitanda changu cha wageni kikawa kama duka.

Na kila Jumatatu kifua kilirudi nyuma. Majirani wakaniambia ni moyo huo, mume akiondoka mke anaumia, nami nikakubali. Hata mimi niliwahi kuwa msichana. Asubuhi moja namtandikia kitanda, nikataka kumchangamsha.

"Kitendawili."

"Tega," akasema, pumzi imekatika.

"Nina mgeni haonekani, habishi hodi, na nikimkumbatia ndipo anaponikaba."

Mimi nilikuwa nimetega mapenzi. Yeye akafikiri, akakohoa akijishika ubavu, akasema, "Vumbi, Bibi."

Tukatazamana. Nikauchukua mto, nikausogeza dirishani kwenye mwanga, nikaupiga kofi moja. Jamani. Moshi mtupu. Ndani alikuwa amejaza mabaki ya karakana, ile pamba iliyokwisha kupigwa mpaka ikawa unga. Kutupa hakukujua. Alichosikia yeye kwa daktari ni vumbi la karakana, na kichwani mwake mto ni mto, karakana ni karakana.

Kuitoa mito ile nilipata shida kuliko kumnywesha dawa. Aliung'ang'ania wa mwisho, akaniambia mkono wa mumewe umo humo ndani, nimwachie huo mmoja tu. Nilimnyang'anya, mtoto wa watu, akalia kama nimemfukuza. Lakini haikupita muda akaanza kulala bila kushtuka. Halafu akaanza kupanda ngazi za nyuma bila kusimama. Halafu siku moja naosha vyombo nikamsikia anabishana na muuza mkaa nje, hampi nafasi ya kumeza mate. Nikaweka sahani chini nikasikiliza. Chiriku amerudi.

Fundi alipokuja akakuta mito haipo, nilimweleza taratibu, kwa heshima zote. Akasikiliza akitazama viatu vyake. Mwisho akauliza kama kazi ya mikono yake sasa imekuwa sumu. Nilimjibu kwamba ya mikono yake ni nzuri, ya ndani ya mto ndiyo mbaya. Hakucheka. Tangu hapo Jumapili zikaanza kuruka. Mara ana kazi ya shule ya bweni, mara sindano imevunjika, mara mama yake haoni vizuri. Na huyo mama yake akatuma maneno kwamba mwanawe alioa mke, hakuoa mpangaji wa bibi. Chiriku aliyameza. Alikuwa anahesabu kurudi kwake, anapasi magauni yake, ananiuliza mapazia ya chumba cha mbele washone rangi gani. Mtu aliyepona anataka kwake, hilo halina ubishi.

Daktari akamsikiliza kifua akaridhika. Anaweza kurudi kwa mumewe, ila nyumba iwe safi. Tukampigia Fundi simu. Akasema nyumba iko safi, njooni.

Tulikwenda. Na kweli, chumba cha mbele kiling'aa. Kimepakwa rangi, kina viti, kina meza yenye kitambaa. Chiriku alizunguka akigusa ukuta, meno yote nje. Mama wa Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti kimojawapo kama picha ya ukutani. Fundi akaeleza kwamba wateja walikuwa wanalalamikia vumbi, sasa wanapokelewa kistaarabu.

"Na chumba chetu?" akauliza mke.

Akaufungua mlango mwenyewe. Magunia ya pamba yalianzia mlangoni yakafika darini. Upande wa ukuta ndipo kilipokuwa kitanda. Sasa palikuwa na gogo la kupigia pamba. Mwanga wa dirisha ulikuwa mweupe kwa vumbi.

"Wewe utalala hapa mbele," akasema Fundi. "Mlango ukifungwa vumbi halipiti."

Chiriku akaufunga. Akainama, akaweka kiganja chini ya mlango, akakiinua cheupe kwa vumbi akatuonyesha. Mama wa Fundi ndiye aliyesema, kwamba wao wote wamekulia kwenye pamba na hakuna aliyekufa.

"Banda la nyuma ya soko ulikwenda kuliona?" Chiriku akamwuliza mumewe.

"Nililiona. Lina unyevu. Pamba ingeoza."

"Ingeoza."

"Wewe unajua pamba, mke wangu. Haitaki unyevu."

"Najua," akasema. "Pamba ukaionea huruma. Mimi hukuona nitaoza."

Fundi akatazama mikono yake. Akaanza kusema kwamba kazi hii ndiyo inayomlisha yeye na mama yake, kwamba oda ya shule ikiisha ataangalia, kwamba mwanamke haachi nyumba yake kwa sababu ya vumbi, majirani watasemaje. Alisema mengi, na kwa kila alichokisema nilingoja atamke kifua. Hakukitamka. Nami nilikuwa nimebana meno, maana nyumba ya mtu si mahali pa bibi kuamua.

"Kwa hiyo unaniacha?" akauliza mwisho.

"Mimi nataka kuvuta pumzi tu," akasema Chiriku. "Hilo lipe jina unalotaka wewe."

Akachukua begi lake ambalo hata hatujalifungua. Mama wa Fundi akaniambia nimeharibu ndoa ya mtoto. Nikamwambia, "Kwaheri, mkwe," kwa sababu mengine yaliyonijia hayafai mbele ya wajukuu.

Baada ya muda vitu vyake vililetwa na dereva. Mumewe alikuwa amevitia vyote ndani ya mfuko wa godoro, mpya, mshono umenyooka kama umepigiwa rula. Chiriku aliugeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya mshono mpaka mwisho wake. "Ameshona vizuri," akasema.

Akajifunga kitambaa puani, akatoa nguo zote uani, gauni kwa gauni. Shuka za harusi zilikuwa nzito kwa mtu mmoja. Nilishika ncha ile, yeye akashika hii, tukasimama upande unakotoka upepo, tukakung'uta mpaka mikono ikatuuma, na hazikuacha kutoa moshi.