Salamu za Nusu Njia

Mwalimu wa hesabu aliibandika ubaoni grafu ya mwendo wa lori la mumewe kwa mbwembwe zote, maana wake za madereva nao wana maringo yao. Mumewe ndiye aliyemletea ile karatasi kutoka kazini, iliyochorwa na mashine ya ndani ya lori Jumamosi iliyopita, aone alivyo mstaarabu barabarani: mstari haukuvuka kilomita themanini kwa saa hata mara moja. Mume alisoma kimo cha mstari tu. Kwamba eneo lililo chini yake ni umbali, hilo hakulijua.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba dereva alikwenda hadi mji anaoishi mama mkwe wake, akarudi. Jumla kilomita mia nne. Wakate eneo lililo chini ya mstari kwa vipande vya trapeza, wajumlishe, waone watakaribia kiasi gani.

Wakapata mia mbili.

Hakushtuka. Alieleza kwamba mstari ukibinuka juu, trapeza pana huacha vipande nje, kwa hiyo jibu hupungua. Wapunguze upana. Wakapunguza, wakapata mia mbili na sita. Akawahimiza wapunguze tena, jasho likimtoka mgongoni, akizitetea trapeza kama ndugu zake wa damu.

"Mwalimu," akasema kiranja, binti asiyejua kupamba maneno, "hata tukikata vyembamba kama uzi, mia nne haifiki. Huyu mtu aliishia nusu njia."

Darasa likacheka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na habari kwamba kuna siku itapimwa kwa rula. Mwalimu akamwambia kiranja kwamba yuko sahihi, akafuta ubao pasipokuwa na kitu cha kufuta.

Mama yake mwalimu hakuwa na simu. Mwaka mzima habari zake zililetwa na mkwe, pamoja na salamu, na mwalimu alipeleka kwa mkono huohuo sukari, dawa za miguu, na sweta alilolifuma mwenyewe. Wakati wa mapumziko alimpigia jirani wa mama. Jirani alisitasita, kisha akasema kwamba mama yupo, miguu imemvimba, na kila Jumamosi hutoa kiti nje akasikilize malori. Siku hizi husema mwanawe amekuwa mtu mkubwa, amemsahau.

Mwalimu alisalitiwa, na aliyemsaliti alikuwa akila naye sahani moja.

Jioni mumewe alimkuta amekaa mezani, ile grafu mbele yake. Alimweleza eneo, trapeza, na simu ya jirani, polepole, kama anavyowafundisha wazito wa kuelewa. Mume alijaribu kuilaumu mashine. Alipoona haisaidii, alikiri kwamba njia ya lori lao ilifupishwa tangu mwaka jana, na kwamba pale wanaposhushia mizigo kuna dada mmoja. Sweta analivaa huyo dada.

Mwalimu alidhani hilo ndilo litakalomuua. Halikuwa hilo.

"Uliniambia mama alilivaa palepale, akacheka, akasema mikono mirefu lakini ina joto la mwanangu. Nililia kwa furaha. Zile salamu ulikuwa unazitungia wapi?"

"Njiani," mume akasema. "Nikikaribia nyumbani."