Aliyecheka Kabla ya Mtafsiri

Jumapili alasiri, Juni 2015, umeme ulirudi Ujiji baada ya kukatika tangu asubuhi, na watu wakaingia sebuleni kwa Bi Zuleha kutazama picha. Kiingilio hakikuwapo. Kilichotakiwa ni maoni. Picha ikiisha, kabla ya chai, kila mtu alisema kwa kifupi ameionaje, na kama wiki hiyo alitazama nyingine nyumbani kwake aliitaja pia, ili Hamdani, mwana wa Bi Zuleha, ajue CD ya kukodi na ya kuacha.

Veneranda, mpangaji wa chumba cha uani, alikaa karibu na mlango. Alipofika mwezi Mei alisema ametoka Manyovu, upande huu wa mpaka, na hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa kuwa usemi wake ulifanana na wa Waha wa huko. Kwao ni Nyanza-Lac, Burundi, ambako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa amejiandikisha kama mkimbizi. Waliojiandikisha walipelekwa kambini, na yeye hakuweza kwenda kambini bado. Binti yake Agnesi, mwenye miaka sita, alikuwa na homa siku ya kukimbia na aliachwa kwa bibi yake. Melania, mchuuzi wa Kagunga, alikuwa ameahidi kumleta kwa boti hadi mwalo wa Kibirizi Jumatatu asubuhi. Mtu wa kumpokea ni mama yake tu. Hapo Ujiji hakuna mwingine aliyejua kwamba mtoto huyo yupo.

Picha ilikuwa ya Kifaransa, imetafsiriwa kwa Kiswahili. Mtafsiri alisema juu ya sauti za waigizaji, akiwafuata kwa nyuma, na Kifaransa kilisikika chini yake. Picha ilikuwa katikati mlango ulipobishwa. Aliyeingia ni Mzee Omari, mwenyekiti wa mtaa, ambaye wiki ile alizunguka nyumba hadi nyumba kuulizia wageni waliovuka mpaka.

"Shikamoo, mzee," walisema.

"Marahaba. Endeleeni. Miguu imechoka, nikae kidogo."

Alikaa kwenye kiti karibu na Veneranda. Kwenye picha, mzee mmoja aliyesimama dirishani alisema jambo kuhusu mbuzi wa mkwewe. Veneranda alicheka. Mzee Omari naye alicheka. Wengine walinyamaza hadi mtafsiri alipofika hapo, ndipo wakacheka. Mzee Omari aligeuza shingo na kumtazama Veneranda, kisha akarudisha macho kwenye televisheni.

Picha ilipoisha, Mwanakombo, jirani wa nyumba ya pili, alianza.

"Mimi nasema mbovu. Mwokaji mikate anamficha mkwewe ndani ya gunia la unga, na mtu hapigi chafya? Uongo mtupu. Bora ile ya Kinaijeria niliyoona Alhamisi, mama mkwe kalaaniwa mpaka kaota ndevu. Ila imekatikia patamu, hadi uitafute ya pili."

"Wewe mama mkwe akiota ndevu unafurahi," alisema Hamdani.

"Wa kwangu zimeshaanza."

"Mimi steringi, yule mwokaji, simwelewi," Hamdani aliendelea. "Kapigwa kibao na mkewe, karudi kukanda unga. Steringi gani huyo? Ila mtafsiri ni fundi."

"Fundi wapi?" alisema Mzee Omari. "Ile ya mbuzi kaikosa, kaweka maneno yake. Mimi nimeuza mawese Kalemie, Kongo, miaka mingi, Kifaransa cha sokoni ninacho. Na mama wa hapa mlangoni, ameionaje?"

"Nzuri, mzee. Inachekesha."

"Nimeona. Ulicheka mtafsiri hajasema. Tulicheka wawili tu."

"Labda kacheka gunia," alisema Mwanakombo.

"Gunia lilikuwa limeshapita."

"Nilicheka sura ya yule mzee," alisema Veneranda.

"Sura haikuonekana. Alikuwa ametupa mgongo." Mzee Omari hakupandisha sauti. "Siku hizi Manyovu mnafundishwa Kifaransa?"

Bi Zuleha aliweka birika mezani bila kumimina.

"Kesho asubuhi uje ofisini na kitambulisho," alisema Mzee Omari. "Kama huna, gari la kambini linapita hapo. Sina ugomvi na wewe, mama. Nimeagizwa."

"Naomba iwe keshokutwa."

"Keshokutwa kuna nini?"

Kutaja boti kulikuwa kumtaja Melania, na boti la Melania likisimamishwa njiani, mtoto angekuwa ndani yake.

"Hakuna kitu, mzee."

"Basi kesho."

Wageni walipoondoka, Veneranda alimfuata Bi Zuleha uani na kumwambia yote. Bi Zuleha alisikiliza amesimama, vikombe mkononi.

"Umelala kwangu, tumekula sinia moja, na umenidanganya hata kwenu ni wapi. Wangenikamata mimi, ungesema nini?"

"Sijui, Bi Zuleha."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Agnesi. Bibi yake amemkataza kumfuata mtu yeyote asiye mimi. Hata akiitwa jina. Hata akipewa andazi."

"Bibi yake ana akili. Sasa mimi atanijuaje?"

Veneranda aliingia chumbani akatoka na kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. "Nilikuwa nimekifunga siku niliyomwacha."

"Na umri huu, nijitande ndege juu ya baibui?"

"Naomba."

Bi Zuleha alikishika kitenge, akakigeuza upande wa pili, akaenda nacho ndani.

Jumatatu, Veneranda alifika ofisini kabla ya mlango kufunguliwa. Alisema hana kitambulisho, na jina lake likaandikwa. Mzee Omari alimuuliza kama ana mtu wake yeyote hapa Kigoma.

"Bado sijui, mzee."

Mzee Omari alimwonyesha benchi. Watu wengine wanne walikuwa wamekaa hapo na mizigo yao. Gari lilipokuja, dereva alisema anamalizia mtaa mmoja, akirudi anapakia.

Kibirizi, boti la Kagunga lilichelewa. Lilipofika, madumu ya mawese yalishushwa kwanza, kisha abiria. Bi Zuleha alisimama ukingoni, kitenge cha ndege mabegani. Wachuuzi wawili walimtazama wakanong'onezana. Mwanamke mnene aliyelowa hadi magotini alishuka akimshika mkono msichana mwembamba mwenye sweta.

"Melania?" aliuliza Bi Zuleha.

"Ndiyo. Mama yake yuko wapi?"

"Amenituma. Agnesi!"

Mtoto alirudi nyuma ya Melania.

Bi Zuleha alikitoa kitenge mabegani, akachuchumaa kwenye mchanga wenye maji, akakitandaza magotini pake. Hakuita tena. Mtoto alitazama kitenge, akatazama uso wa Bi Zuleha, akatazama kitenge.

Kisha aliuachia mkono wa Melania.