Sindano Kabla ya Sharbati

"Kwani sindano haiwezi kungoja kesho?" Hajjati Tafida, mama mkwe wangu, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, amenizibia njia.

"Tulingoja mfungo uishe, Hajjati. Tukangoja wageni waende. Sasa basi."

"Atachechemea mbele ya watu."

Hapo alisema kweli. Penisilini ile nzito inauma, na Rabab, binti yangu, akishachomwa huburuta mguu mpaka jioni. Alasiri hiyo watu wa Mansoura walikuwa wanakuja kumposa. Kwetu binti mwenyewe ndiye hubeba sinia la sharbati, na mama wa kijana hutazama miguu kabla hajatazama glasi.

"Watasema kilema," Hajjati aliendelea. "Wakisikia ni moyo, ndiyo mbaya zaidi. Watabeba keki yao warudi nayo. Na mtoto mwenyewe mzima, koo halijamuuma tangu lini?"

"Haliumi kwa sababu anachomwa."

Utotoni tulimtibu koo kwa asali na ndimu. Viungo vikavimba, homa ikashuka moyoni ikala valvu moja. Daktari alisema koo likiambukizwa tena, moyo utaliwa palepale. Kwa hiyo sindano kila mwezi, achomwe akiwa mzima ili asiugue. Hilo Hajjati hajawahi kulielewa.

"Mumeo akirudi nitamwambia."

"Mwambie. Mwambie na nani atamuuguza."

Rabab alitoka chumbani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Bibi, leo mnifiche. Nikishaolewa, kila mwezi nitachomewa wapi? Chooni kwa mama mkwe?"

"Ulimi huo nao ufiche," alisema Hajjati, lakini aliondoka mlangoni, akanipisha.

Nikachungulia ngazini nikamwita Inshirah, muuguzi wa ghorofa ya chini. Alimjaribu kwanza kwa tone la dawa kwenye ngozi ya mkono, aone kama itamdhuru; tukangoja, ngozi haikuvimba. Akamchoma. Rabab aling'ata mto, akavaa kiatu cha pili.

Kengele ililia Inshirah akiwa bado anafunga mkoba wake.

Wageni walipokwisha kuketi, nilinyoosha mkono nichukue sinia. Rabab akaniwahi. Alivuka sebule akiburuta mguu, glasi zikigongana, na mama wa kijana akatazama mguu kama nilivyojua atatazama.

"Umeumia, mwanangu?"

"Nimechomwa sindano sasa hivi, mama. Moyo wangu uliwahi kuugua. Nachomwa kila mwezi usiugue tena."

Rabab akamsogezea glasi.