Siku Ishirini na Nne za Kisanduku Cheupe

Wifi yangu ni fundi saa. Watu wa jengo letu humwita Dakika, kwa sababu mteja akimuuliza kazi itachukua muda gani hujibu "dakika tu," hata kama saa yenyewe imeshika kutu mpaka ndani. Tunatumia chumba kimoja, ghorofa ya pili. Yeye yuko upande wa dirisha na meza yake ya bisibisi ndogondogo, mimi upande wa mlango na kompyuta mbili na mashine ya kuchapisha. Nachapa barua, nawajazia watu fomu mtandaoni, natoa nakala za vyeti.

Mwaka juzi nilifunga kisanduku cheupe cha intaneti ukutani, kati ya meza zetu. Miezi mitatu baadaye Dakika akaanza kuumwa kichwa. Hakikuwa kile cha kumeza kidonge ukasahau. Kilimkaba juu ya jicho la kushoto, akaweka bisibisi chini na kukaa amefumba macho.

"Kinachoniumiza ni wifi," alimwambia mumewe, ambaye ni kaka yangu, tukiwa tunakula Jumapili mchana.

Kaka akaacha kutafuna. "Yupi? Huyu dada yangu, au ile ya ukutani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Saa ukiilaza karibu na spika ya redio inaingiwa na sumaku," alisema. "Ndani ina springi nyembamba kama unywele. Mizunguko yake inashikana, saa inakimbia kama inafukuzwa. Nimezitibu nyingi. Sasa ubongo wa mtu, laini kuliko springi, utashinda chini ya mawimbi kutwa nzima usipate kitu?"

Mimi niliingiwa na hofu, maana bila kisanduku kile mimi sina kazi.

Wiki hiyo alipita mlango kwa mlango na barua ya kumtaka msimamizi wa jengo aondoe visanduku vyote vya ghorofa yetu. Watu saba walitia sahihi, akiwemo mshonaji wa chumba cha mkabala, na mchora mabango wa chumba cha pembeni aliyesema hata yeye siku hizi usingizi haumkai. Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta ameketi na barua ileile mkononi. Hakuwa ameipeleka.

"Wifi," akaniambia, "nikipeleka hii kabla sijajua, nitakuwa nimekuharibia kazi kwa kukisia. Saa ikiletwa hapa sikisii. Naifungua. Basi na hili tulifungue."

Mpango ulikuwa wake mwanzo hadi mwisho. Tulikifunika kisanduku kwa boksi la mbao lenye matundu nyuma, taa zake zisionekane. Kila asubuhi ningefika kabla yake, nirushe sarafu: ikilalia upande mmoja, nawasha mawimbi, ikilalia upande wa pili, nabonyeza kitufe cha kuyazima, na kompyuta zangu zifanye kazi kwa waya. Wateja wenye simu ningewaambia mwezi huu mtandao wa hewani haupo, siku zote, hata unapokuwepo. Simu yake ataiacha nyumbani. Mimi nitaandika kwenye daftari langu kama nimewasha au nimezima, yeye kwenye lake kama ameumwa na anachokisia, na hakuna kuchunguliana hadi zitimie siku ishirini na nne za kazi.

"Na ukiniambia hata kwa jicho," alinionya, "tunaanza upya."

Sikujua kama kunyamaza ni kazi ngumu hivyo. Siku ya saba sarafu ilisema zima. Kufika saa nane mchana Dakika alikuwa amelaza paji la uso mezani, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Leo limewaka," alinong'ona. "Leo nalisikia mpaka kwenye meno."

Ulimi uliniwasha. Neno moja tu, na kisanduku changu kingepona. Nikaenda kusimama kwenye korido nikajifanya natafuta karatasi. Siku ya kumi na mbili ikawa kinyume: mawimbi yamewashwa tangu asubuhi, na yeye anapiga mluzi akitengeneza saa ya ukutani, ananiambia nimshukuru Mungu kwa siku nzuri niliyozima. Nikaitikia "mhm," kama nilivyoitikia siku zote.

Kuna siku alitaka kuacha. Alikuwa ametapika bafuni, macho mekundu. Kaka alimbembeleza apumzike nyumbani wiki nzima. Alijipangusa uso, akasema zimebaki siku tisa, na siku tisa si mwaka.

Siku ya ishirini na nne tulifunga mlango mchana, tukaweka madaftari mawili pamoja. Siku kumi na tatu kisanduku kiliwaka, aliumwa nane. Siku kumi na moja kilizimwa, aliumwa saba. Kukisia kwake kulikuwa kama kwa mtu anayerusha sarafu yeye mwenyewe.

Alihesabu tena. Akahesabu mara ya tatu kwa ncha ya bisibisi, mstari kwa mstari. Nilitegemea nitafurahi. Nilipomwona anaiweka bisibisi chini taratibu, furaha ikanitoka.

"Basi si hilo," alisema hatimaye. "Ni nini?"

Ndipo nilipoona maneno aliyokuwa akiyaandika pembeni kwa herufi ndogo: *taa ina duara.* Yalikuwapo karibu kila siku ya maumivu, iliyowashwa na iliyozimwa.

"Duara gani hili?"

"Nikiitazama taa naona rangirangi kuizunguka. Nilidhani ndiyo mawimbi."

Kesho yake nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimpima, akampima tena, kisha akavuta kiti karibu. Maji ya ndani ya jicho, alieleza, yana njia yake ya kutokea, na kwa Dakika njia hiyo ni nyembamba. Akiinamia kazi kwa muda mrefu inazibika, presha inapanda, kichwa kinauma. Mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto ulikuwa umeshaanza kuharibika. "Kilichopotea hakirudi," alisema. "Kilichobaki tutakilinda: nitatoboa tundu dogo ndani ya jicho kwa leza, maji yapate njia. Ungechelewa mwaka mmoja, sijui tungekuwa tunazungumza nini."

Dakika alimweleza habari za kisanduku, sarafu na madaftari. Daktari hakumcheka. Alisema sumaku yenye nguvu kubwa ikiwekwa kwenye fuvu kweli huusisimua ubongo, na zipo hospitali zinazoitumia kutibu. Kuhusu nguvu ndogo kama ya kisanduku chetu, watafiti wamefanya majaribio ya kificho kama lake, na kwa kawaida wamepata alichopata yeye. Bado wanachunguza.

"Na hiyo leza yako ya kunitoboa jicho?"

"Ni mwanga. Mwanga nao ni mawimbi."

"Haya," Dakika akasema, akaegemeza kidevu kwenye mashine. "Washa."

Maumivu yalipungua ndani ya wiki mbili. Pembeni mwa jicho la kushoto pamebaki ukungu, na ile lenzi ya kukuzia vipuri vya saa sasa anaivaa jicho la kulia. Alipopata nguvu aliichukua ile barua akapita tena mlango kwa mlango kwa wote saba, akiwaambia alichokuwa amekosea, na habari ya lile duara la kwenye taa.

"Wifi yako amekunyamazisha," mchora mabango akamwambia.

"Mimi sijasema kila mtu awe na imani na sanduku. Nasema kichwa changu nilikipima. Wewe usingizi wako umeupima?"

Mchora mabango akairudia brashi yake.

Mshonaji wa mkabala alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Kisha akauliza, kama anauliza bei ya uzi, hilo duara la kwenye taa lina rangi gani hasa. Dakika akamwambia. Mshonaji akauondoa mguu kwenye pedali.

Alhamisi waliondoka pamoja mapema kwenda kliniki, wameshikana mikono kwenye ngazi. Mimi nilibaki nikilinda vyumba viwili, nikiwaambia wateja wa saa na wa magauni kwamba mafundi wametoka kidogo, wapite baada ya adhuhuri.