Dirisha la Masinde

Gikonyo hakumtambua. Alimvutia Nekoye, fundi wa kompyuta, kiti nyuma ya kaunta ya duka lake la mbao mjini Nyeri, akamwonyesha kompyuta kwa kidevu.

"Madam, hapa niko na vitu mingi, zinapotea tu. Benki, barua pepe, hali ya hewa. Nataka kila kitu ikae peke yake."

"Nitaipa kila tovuti dirisha lake," Nekoye alisema. "Ukibonyeza hapa itafunguka yenyewe, kama programu."

"Hiyo ndiyo nataka." Akaagiza chai.

Pikapu ya Gikonyo ndiyo iliyomgonga na kumuua Masinde, kaka yake Nekoye, kwenye barabara ya Giakanja, ikaenda zake. Kesi ilitupwa kwa kukosa ushahidi. Muda wote mahakamani, Gikonyo hakugeuka hata mara moja kulitazama benchi la wafiwa. Angemjulia wapi leo?

Nekoye aliifanya kazi vizuri. Alitenga benki, akatenga barua pepe, akatenga hali ya hewa. Kisha akafungua ukurasa wa kumbukumbu ambao familia ilimtengenezea Masinde, akaugeuza nao kuwa dirisha lenye jina lake. Aliuweka ufunguke kila kompyuta inapowashwa, ujae skrini nzima: uso wa Masinde, bila kichupo cha ukurasa mwingine wa kukimbilia. Chai hakuigusa.

Wiki iliyofuata Gikonyo alimpigia simu. Nekoye alikwenda na matusi aliyoyanoa njia nzima. Alitaka kumwona akitetemeka.

Alimkuta ameketi mbele ya picha, mikono mapajani.

"Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

"Anakuwa hapa kila asubuhi," Gikonyo alisema. "Mtoe. Tafadhali."

"Mimi simtoi. Utamtoa mwenyewe."

Akamwelekeza pa kubonyeza. Kisanduku kidogo kikajitokeza chini ya kidevu cha marehemu: Ungependa kuondoa Masinde kwenye kompyuta hii?

Kidole cha Gikonyo kilisimama juu ya kipanya. Nekoye aliyatafuta matusi yake asiyaone. Alikuwa akiomba kimoyomoyo, kama mtoto, mtu huyu asibonyeze.

Gikonyo aliuondoa mkono. "Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Imeandikwa hapo chini. Soma." Nekoye alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Kwa sauti."

Gikonyo alivaa miwani, akaanza na jina.