Vyura wa Machi

"Mama, usipande mbegu sasa! Simu inasema baridi inarudi!"

"Vyura wamelia, Revokatus. Niwaache vyura nisikilize simu yako?"

Mama ameshika kopo la mbegu za maharage alizoachiwa na bibi kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma. Zimebaki hizo tu. Kule vyura wakilia, unapanda. Tulipofika Louisville, huku Marekani, alifanya hivyo hivyo, tukala. Columbus pia. Nakumbuka tukipika majani ya maharage hayo, nyumba nzima ikinukia kwetu. Sasa tuko Buffalo, kaskazini zaidi kwenye baridi, ni Machi, na wiki hii kuna joto kama la Juni, kiangazi cha huku.

"Vyura wa hapa ni wengine, mama. Wanalia hata theluji haijaisha. Na hewa yenyewe imebadilika, tangu dunia ianze kuchoma makaa ya mawe kwenye viwanda kama hivi vya mtaa wa Black Rock."

"Shule umemaliza juzi, leo unafundisha vyura!"

"Basi panda nusu. Zikifa zote, bibi tutamkumbuka kwa kitu gani?"

Akafungua kopo. Halafu akanimiminia nusu mkononi, polepole.

"Zako hizo. Subiri mwenyewe."

Nikaziweka juu ya kabati, nikachukua jembe nikamchimbie mashimo ya zake. Nikatoka, nikafunga mlango.